Joto Kwanza, Maziwa Baadaye: Kumlea Mtoto wa Paka Aliyefiwa na Mama Yake

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi mjini Lamu. Tunayachapisha kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba nakala ya kwenda nayo nyumbani.

 

Naanza kwa kusema ukweli ili tusidanganyane. Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kuandika na kusambaza habari za kaunti. Nimesimama hapa kwa sababu nilifanya kosa ambalo wengi wetu hulifanya tukiwa na nia njema, na kwa sababu watu hawachoki kuniuliza: "Nimeokota watoto wa paka, nifanye nini?" Nitakayowaeleza leo nilifundishwa na wataalamu wa mifugo baada ya kukosea.

Mji wetu unajulikana kwa paka. Tangu mwaka wa 2001, UNESCO ilipouweka mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, wageni huja kupiga picha za nyumba, milango, punda na paka. Lakini sisi wenyewe tunajua kwamba paka si wa picha. Ndiye anayelinda magunia ya mchele na unga. Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala.

Sasa niwasimulie kisa changu.

Jioni moja mpwa wangu, msichana wa miaka tisa, aliniletea katoni. Ndani mlikuwa na watoto wanne wa paka, macho yamefumba, wamelowa. Mama yao alikuwa amekufa, na mtoto alimwona kwa macho yake. Akaniambia, "Mjomba, wanalia njaa."

Nikafanya kile ambacho wengi wenu mngefanya. Nikachukua maziwa ya ng'ombe ya pakiti, nikayapasha moto kidogo, nikamlaza kila mmoja chali kama mtoto mchanga, nikamtilia maziwa mdomoni kwa kijiko. Kisha nikaiweka katoni sakafuni karibu na dirisha ili wapate upepo, maana usiku ule mimi mwenyewe nilikuwa natoka jasho.

Alfajiri wawili walikuwa wamekufa.

Nilipompigia simu daktari wa mifugo, hakuniuliza kwanza nimewalisha nini. Aliniuliza, "Ulipowashika, walikuwa na joto au walikuwa baridi?" Walikuwa baridi kama sakafu yenyewe.

Jambo ninaloomba mlichukue leo ni hili: joto kwanza, maziwa baadaye.

Kabla ya kuwachukua

Usikimbilie kuwabeba. Mara nyingi mama yao yuko hai, ameenda kutafuta chakula au anawahamisha mmoja mmoja. Ukiwakuta wametulia, wana joto na matumbo yamejaa, jua mama yu karibu. Simama mbali umngoje saa chache. Akikuona umesimama juu ya watoto wake, hatarudi. Unaweza kunyunyiza unga kidogo kuzunguka pale walipo, kisha urudi baadaye uangalie kama kuna alama za nyayo zake.

Lakini wakiwa baridi, wanalia bila kunyamaza, au wako mahali pa hatari kama vile penye siafu, njiani au panapofikiwa na maji yakijaa, waondoe mara moja.

Kuwapa joto

Hapa ndipo sisi watu wa Pwani tunapokosea. Tunadhani kwetu hakuna baridi. Mtoto wa paka aliyezaliwa juzi hawezi kujitunzia joto la mwili. Katika wiki ya kwanza anahitaji kulala mahali penye joto la nyuzi 30 hadi 32 hivi. Usiku wa nyuzi 25 wewe unalala bila shuka, kumbe kwake yeye hiyo ni baridi ya kuua. Mama yake na ndugu zake ndio blanketi lake.

Tena mwili wake ukipoa, tumbo nalo husimama kufanya kazi. Maziwa utakayompa hayatasagwa, yatakaa tumboni yaharibike. Ndiyo maana hatumlishi mtoto wa paka aliye baridi, hata akilia namna gani.

Mpashe joto polepole. Mkaushe, umfunge kwa leso, umweke kifuani pako. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Usimtie kwenye maji ya moto, wala usimweke kando ya jiko la makaa. Kisha tayarisha katoni yenye kuta ndefu, tandika taulo au leso kuukuu, na uweke chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri kwa kitambaa. Iweke upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto aweze kujisogeza. Maji yakipoa, yabadilishe. Chupa iliyopoa humnyang'anya joto lile alilo nalo.

Na tafadhali, msiwaogeshe. Uchafu ufute kwa kitambaa chenye unyevu, kisha umkaushe hapo hapo.

Kuwalisha

Maziwa ya ng'ombe hayamfai. Yana sukari ambayo tumbo lake haliiwezi vizuri, na protini na mafuta yake ni machache kuliko yale ya mama yake. Ataharisha, na mwili mdogo kama ule hukaukiwa maji kwa muda wa saa chache tu. Kinachofaa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka. Duka la dawa za mifugo lililo karibu nawe likikosa, waombe wakuagizie. Wakati unangoja, maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa na kuachwa yapoe hadi yawe vuguvugu yanaweza kumvusha siku moja au mbili, lakini si zaidi.

Kuna njia nyingine iliyo bora kuliko zote: paka mwingine anayenyonyesha. Ulizeni majirani. Paka wengi hukubali mtoto wa kuongezwa. Mweke katikati ya watoto wake, ukae uangalie kama anamlamba au anamfukuza.

Kama huna budi kumlisha mwenyewe, tumia bomba dogo la sindano la mililita 1, bila sindano. Mlaze kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Kamwe usimlaze chali. Nilipowalaza chali wale wanne, maziwa yaliweza kuingia mapafuni badala ya tumboni. Mdondoshee tone kwa tone, umwache ameze. Haraka haraka haina baraka. Maziwa yakitoka puani, simama, mfute, na umwone daktari.

Kiasi chake ni kama mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito wake, kila mlo. Wiki ya kwanza mpe kila baada ya saa mbili hadi tatu, mchana na usiku. Wiki ya pili kila saa tatu, na wiki ya tatu na ya nne kila saa nne hivi. Hii si kazi ya mtu mmoja. Nyumbani kwetu tulipeana zamu, na mama yangu alichukua ile ya saa tisa usiku.

Kumsaidia haja

Sehemu hii huwachekesha watoto, lakini ni ya kufa na kupona. Mtoto wa paka mchanga hawezi kwenda haja mwenyewe mpaka mama yake amlambe. Kwa hiyo kila anapokula, chukua pamba au kitambaa laini, kiloweshe kwa maji vuguvugu, umpanguse taratibu chini ya mkia mpaka atoe mkojo. Endelea hivyo hadi atimize wiki tatu hivi na kuanza kujiweza.

Mizani na daftari

Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na gramu 90 hadi 110 hivi, na kila siku huongezeka gramu 10 hadi 15. Kama huna mizani ndogo, mwombe muuza duka akuazime yake. Mpime kila siku wakati ule ule, na uandike. Macho yako yatakudanganya, mizani haitakudanganya.

Kazi hii nilimpa mpwa wangu. Wale wawili waliobaki aliwaandika kwenye daftari lake la hesabu, kila mmoja na safu yake. Safu moja ilikuwa inapanda. Nyingine ilisema 104, siku ya pili 103, siku ya tatu 101. Tulimpelekea daktari, akatupa maelekezo, tukayafuata yote. Siku ya tano yule mdogo alikufa mkononi mwa mama yangu.

Mtoto akaniuliza, "Mjomba, ni sisi tuliowaua?"

Nilifikiri sana kabla ya kumjibu. Nikamwambia, "Wale wawili wa kwanza, mimi nilikosea kwa kutojua. Huyu tulimpa kila kitu na hakuweza." Nawaambia nanyi kwa sababu kuna watoto hapa. Hata ukifanya yote sawasawa, wengine watakufa. Msiwafiche watoto jambo hilo, wala msiwaache wabebe lawama isiyo yao.

Afya yenu nyinyi

Osheni mikono kwa sabuni kila mnapowashika. Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, maana kinaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Usimpake paka dawa ya viroboto ya mbwa au ya ng'ombe. Baadhi zina pamethrini, ambayo ni sumu kwa paka. Viroboto wa mtoto mchanga waondoe kwa kitana chenye meno ya karibu karibu.

Na mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zikishatokea hauna tiba. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030. Lengo hilo litatimia tu iwapo kila anayeumwa atafika hospitali mapema.

Wiki zinazofuata

Macho hufunguka yenyewe kati ya siku ya 7 na ya 14. Usiyafungue kwa nguvu. Wiki ya tatu ataanza kutembea kwa kuyumbayumba. Wiki ya nne mpe samaki aliyechemshwa bila chumvi, umetoa miiba yote, umemponda na kumchanganya na maziwa yake. Mwekee sinia ya mchanga, atajifunza haraka. Akifika wiki nane anaweza kwenda kwa mwenyeji mpya. Na akitimiza miezi mitatu apate chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kinga ni bora kuliko tiba

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano tu, na hubeba kwa muda wa miezi miwili hivi. Kwa hiyo yule unayemwona bado mdogo, kabla ya mwaka kwisha ana watoto wake. Wengi wa watoto wanaotupwa kwa magunia ufuoni wanatoka kwenye nyumba ambazo hazikutaka kuwatupa. Zilichelewa tu. Zungumza mapema na afisa wa mifugo wa wadi yako kuhusu kumfunga paka wako uzazi. Na kama tayari amezaa na umezidiwa, uliza kwanza kabla ya kushika gunia.

Yule wa nne, yule ambaye safu yake ilikuwa inapanda, yuko hai. Ni jike, ameshachanjwa na amefungwa uzazi. Mama yangu anamwita Saa Tisa, kwa sababu hata sasa saa hiyo ikifika humwamsha akidai chakula. Lile daftari la hesabu mpwa wangu amelihifadhi, na majina ya wote wanne yameandikwa humo.

Nikisahauliwa kwa yote niliyosema leo, naomba mkumbuke swali la yule daktari. Ukiokota mtoto wa paka, kabla ya kufungua friji, mshike mkononi ujiulize: ana joto, au ni baridi?