Taa Nyeupe Barabarani Usiku: Mazungumzo na Madereva, Wenye Malori na Mafundi wa Umeme wa Magari

 

Jambo la leo ni taa. Kila anayesafiri baada ya Magharibi kati ya Mwingi na Garissa, au kutoka Modika kuelekea Dadaab, ameiona ile taa nyeupe yenye ubuluu ikija kutoka mbali. Hata kabla lori lenyewe halijatambulikana kama ni Fuso au Isuzu, dereva wa upande huu tayari ameinua mkono kufunika macho. Anawasha fulu kumwambia mwenzake ashushe taa. Mwenzake anamjibu kwa fulu iliyo kali zaidi, maana ile ya kwanza ilikuwa ndiyo dimu yake.

Hapo pana hesabu ya kupiga. Lori zito haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwa mwendo huo hukata mita 22 kila sekunde. Macho yaliyomulikwa vikali huhitaji sekunde kadhaa ili yarudi kuona gizani. Yakichukua tano tu, lori limekwenda mita 110 dereva akiwa kama kipofu. Katika eneo hili mita 110 si tupu. Kuna ngamia, ambaye hupenda kulala kwenye lami usiku kwa sababu lami imehifadhi joto la mchana, na rangi yake ni ya mchanga ule ule. Kuna twiga. Kuna mchungaji anayevusha mbuzi aliochelewa nao, asiye na hata tochi. Ngamia akigongwa, mfugaji amepoteza mali na dereva amepoteza rejeta, kioo, pengine na uhai. Akigongwa mtu, wazee hukaa siku nyingi chini ya mti kuzungumzia diya, ambayo kwa mila ya Kisomali huhesabiwa ngamia 100 kwa mwanamume. Hakuna kikao cha namna hiyo kilichomrudisha marehemu.

Dereva aliyeweka zenoni hakufanya hivyo kwa ubishi. Ana sababu, na sababu yake ni nzuri. Balbu ya halojeni hutoa mwanga kwa uzi mwembamba wa chuma cha tungsteni unaowaka ndani ya kioo. Katika lori la volti 24 uzi huo ni mwembamba kuliko wa gari dogo la volti 12, na ukipigwa na mawimbi ya barabara ya changarawe, hukatika. Zenoni haina uzi. Ndani yake kuna ncha mbili na gesi. Umeme huruka kati ya ncha hizo na kuwaka kama radi ndogo isiyozimika. Hakuna cha kukatika kwa mtikisiko. Zaidi ya hayo, balbu ya halojeni ya aina ya H4 kwa lori hula wati 70 kwenye dimu na kutoa takriban lumeni 1,200, ilhali zenoni ya wati 35 hutoa karibu lumeni 3,200. Nusu ya umeme, mwanga zaidi ya mara mbili. Nani asingeitaka?

Tatizo haliko kwenye balbu. Liko kwenye kikombe cha taa kinachoipokea.

Fundi yeyote aliyefungua H4 ameona kwamba ndani mna nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu mna kikinga kidogo cha chuma. Kikinga hicho ndicho kinachokata mwanga usipande juu machoni pa anayekuja. Kikombe cha nyuma nacho kimepindwa kiwandani kwa hesabu ya mahali uzi ule ulipo, kwa kipimo cha milimita. Ukitoa H4 na kuchomeka zenoni ya kubandika, ule moto wa gesi una umbo jingine na hukaa mahali tofauti kidogo. Kikombe hakijui kwamba balbu imebadilishwa. Kinaendelea kuakisi kwa hesabu ya zamani, na mwanga unatawanyika: mwingine juu ya miti, mwingine chini mbele ya bampa, na mwingi machoni pa mwenzako. Dereva mwenyewe hudanganyika, kwa kuwa lami ya karibu imekuwa nyeupe kama mchana na yeye anaridhika. Lakini mwanga mwingi wa karibu hufanya mboni ya jicho ijikaze, na kilicho mbali, yule ngamia, hufichika zaidi kuliko awali.

Ndiyo maana kiwandani zenoni haiuzwi peke yake. BMW ilipoanza kuiweka kwenye magari yake mwaka 1991, iliitengenezea taa yake maalumu. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya hudai kwamba taa ya dimu yenye balbu inayopita lumeni 2,000 iwe na kifaa cha kujirekebisha kimo yenyewe gari likipakiwa mzigo, na kifaa cha kuosha kioo, kwa sababu vumbi juu ya kioo hutawanya mwanga. Kwa Garissa hilo la vumbi halihitaji maelezo. Uingereza, gari lililoanza kutumika tangu Aprili 1986 likifungwa balbu ya zenoni ndani ya taa ya halojeni, halipiti ukaguzi.

Sasa, kabla mwenye lori hajatoa pesa dukani, kuna kazi ndogo ambayo mafundi wengi huiruka. Taa inayolalamikiwa kuwa hafifu mara nyingi haipati umeme wake kamili. Injini ikiwa inanguruma, altaneta hutoa kama volti 28. Fundi apime pale pale kwenye soketi ya balbu, taa ikiwa imewaka. Akikuta volti 25, zile tatu zilizopotea njiani hazionekani nyingi, lakini mwanga wa halojeni huporomoka haraka kuliko volti: kwa upungufu huo karibu theluthi moja ya mwanga imekwenda. Imepotelea kwenye waya mwembamba wa zamani, kwenye swichi ya dashibodi iliyochoka, na zaidi kwenye ethi iliyoshika kutu. Dawa ni rilei mbili, waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri ukiwa na fyuzi yake, na ethi mpya iliyokwaruzwa hadi chuma kikang'aa. Kazi hiyo haichukui hata siku nzima, nayo humrudishia dereva taa ambayo kiwanda kilimuuzia. Plastiki ya taa iliyogeuka njano kwa jua na kukwaruzwa na mchanga nayo ing'arishwe au ibadilishwe. Na anayebadilisha halojeni asishike kioo cha balbu kwa vidole; mafuta ya mkono hukichoma kioo na balbu hufa mapema.

Jambo jingine ni la mpakani, na katika kaunti hizi tatu lina uzito kuliko kwingine. Kenya huendesha kushoto. Somalia na Ethiopia huendesha kulia, na Dubai pia, ambako vipuri vingi hutoka. Taa ya dimu hutengenezwa iinue mwanga kidogo upande wa ukingo wa barabara ili kumulika waenda kwa miguu, na kukata upande wa wanaokuja. Taa iliyotengenezwa kwa nchi ya kulia ikifungwa kwenye lori la Garissa, ule mwanga ulioinuliwa unamwangukia dereva anayekuja. Hata ikiwa halojeni, hata ikiwa mpya kabisa. Mnunuzi aisimamishe taa ukutani dukani kabla ya kulipa na atazame mwanga unapanda upande gani. Kwa Kenya upande huo ni kushoto.

Mwenye lori akishaona yote hayo na bado anataka zenoni, anunue taa kamili iliyoundwa kwa zenoni, yenye lenzi yake ya mviringo na kikinga chake, na ya upande wa kushoto. Balasti iwe ya volti 24. Ya volti 12 ikiungwa kwenye lori huungua, na wakati mwingine huanza na moshi. Fundi akumbuke kwamba kuwasha zenoni kunahitaji zaidi ya volti 20,000 kwa muda mfupi. Asiguse soketi taa ikiwa imewaka, na achomoe betri kwanza. Rangi nayo isiwe ya mapambo. Kwenye boksi huandikwa kelvini: 4,300 ndiyo ya kiwandani. Zile za 8,000 zenye ubuluu mkali hutoa mwanga mchache, ila huumiza macho zaidi. Dereva anayenunua ubuluu amelipa zaidi ili aone kidogo.

Baada ya kufunga, taa ilengwe, na hapa hakuna haja ya mashine. Lori liegeshwe mahali tambarare mita 10 kutoka ukutani, likiwa na upepo sawa kwenye magurudumu na mzigo wake wa kawaida. Anayebeba ng'ombe kwenda Nairobi asilenge taa lori likiwa tupu. Mzigo ukikaa nyuma, pua huinuka na taa hupanda nayo. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, chora mstari ukutani kwa kimo hicho, kisha mwingine chini yake kwa sentimita 10, au hadi 20 ikiwa taa ya lori iko juu zaidi ya mita moja. Ukingo wa mwanga wa dimu ukae kwenye mstari wa chini. Ukipita juu ya ule wa kwanza, lori lisiondoke.

Malori ya biashara hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, na taa ni miongoni mwa vinavyotazamwa. Lakini mkaguzi huliona lori mara moja tu. Tanboi huliona kila jioni, naye ndiye wa kupewa kitambaa na maji ya kufutia kioo cha taa kila lori linaposimama Ukasi au Bangale kwa chai.

Balbu za zenoni za zamani, aina za D1 na D2, zina zebaki ndani. Zikishaharibika zisivunjwe gereji wala kutupwa karibu na silanga ambamo mifugo hunywa. Zirudishwe ndani ya boksi lake na kukabidhiwa aliyeuza mpya.