Kitambi cha Mwenye Duara

Katika machimbo ya Geita na Kahama, kijana anayeshuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, na kupandisha viroba vya mawe humaliza sahani kubwa ya ugali, na ni haki yake, jasho linaiteketeza. Hatari huanza anapopata fedha. Anamiliki duara lake, ananunua karasha la kusaga mawe, anapanda pikipiki hata kwenda dukani, na kazi ya mikono wanaifanya wengine. Sahani imebaki ileile, zimeongezeka chipsi na soda. Kitambi kinatokeza, na jamaa wanampongeza kwamba maisha yamemkubali.

Pongezi hizo zinanitia hofu. Mwaka 2017 watafiti wa Harvard, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya wauguzi na wahudumu wengine wa afya: kwa kila kilo 5 zilizoongezeka kati ya ujana na miaka 55, hatari ya kisukari cha ukubwani ilipanda kwa takriban asilimia 30. Shinikizo la damu nalo liliongezeka. Mafuta ya tumboni hujaa kwenye ini, misuli huacha kuitikia insulini, na kongosho hulazimika kuizalisha zaidi mpaka lichoke. Yote hayo bila maumivu, kwa miaka mingi.

Hapa nchini Tanzania, utafiti wa 2012 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Wapo wanaogundua kuwa wana kisukari wakiwa tayari na kidonda cha mguu kisichopona. Mwenye duara wa miaka 30 aende kituo cha afya sasa, apimwe uzito, kiuno, presha na sukari.