Wakfu Unasaidiaje Vikundi Vyetu Vidogo?

(Haya ni maneno ya mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama katika sehemu ya Yatta, aliyowaambia viongozi wa vikundi kwenye semina ya siku mbili. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tukipunguza kidogo tu.)

Nimeombwa niseme juu ya wakfu, yaani yale mashirika ya hapa kwetu yanayosaidia vikundi vidogo vya mijini na vijijini. Mimi si mtaalamu. Shule niliachia darasa la nane. Lakini kitabu cha fedha cha kikundi chetu nimekishika miaka mingi, na makosa niliyoyafanya nayajua vizuri kuliko mtu mwingine. Kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Kwanza hilo neno lenyewe. Wenzetu wa Pwani wanalijua zamani. Muislamu akitoa shamba au nyumba iwe wakfu, mali ile haiuzwi wala hairithiwi. Kinachotumika ni mazao au kodi yake, inakwenda msikitini, au kwa maskini, au kwa watoto wanaosoma. Hata serikali ya ukoloni ilikuta mambo hayo Mombasa ikayawekea tume yake. Sasa mashirika tunayoyazungumzia leo yamechukua wazo hilo hilo: kuna mali inayokaa, na kuna faida inayotoka. Huko Marekani mji wa Cleveland ulianzisha wakfu wa mji mzima mwaka 1914, watu wa mji wakiweka fedha pamoja, na kamati ya wenyeji ikiamua zitumike wapi.

Hapa Kenya unaojulikana sana ni Kenya Community Development Foundation, watu husema KCDF. Kazi ilianza mwaka 1997, ukaandikishwa rasmi mwaka 2001. Fedha za kuanzia zilitoka kwa wafadhili wa nje, huo ni ukweli, lakini nia ilikuwa Wakenya wenyewe watoe na wenyewe waamue. Wanatoa ruzuku kwa vikundi, wanafundisha vikundi kuchangisha fedha hapa hapa nyumbani, na wanasaidia jamii kuweka mfuko wake unaowekezwa ili faida ifanye kazi mwaka baada ya mwaka.

Na tafadhali, msichanganye KCDF na CDF! Nimeona watu wazima wakienda ofisi ya mbunge kuulizia KCDF. CDF ni fedha za serikali za maeneo bunge, zilianza mwaka 2003, zina sheria yake. Ni vitu viwili tofauti, herufi tu ndizo zinafanana.

Sasa nije kwetu. Sisi tulianza kama mnavyoanza ninyi wote, merigoraundi. Akina mama ishirini na wanne, kila mmoja anatoa kidogo, leo anachukua huyu, wiki ijayo yule. Kabla ya hapo mama zetu walikuwa na mwethya, wanalimiana mashamba kwa zamu, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa geni. Tatizo letu kubwa lilikuwa maji. Tulitaka matangi. Merigoraundi haiwezi kujenga tangi, mwajua, kwa sababu kila anayepokea ana shida yake tayari inamngoja mlangoni.

Tukafanya harambee. Tangu Mzee Kenyatta aliposema Harambee mwaka 1963, sisi Wakenya tumejenga shule na zahanati nyingi kwa njia hiyo, sitaidharau. Lakini harambee yetu ilikuwa na mgeni wa heshima. Alikuja amechelewa saa tatu, tukamchinjia mbuzi wawili, akatoa hundi kubwa mbele ya watu wote, akapigiwa makofi. Hundi ile benki ilikataa. Tulikuwa tumetumia fedha zetu kwa mbuzi, soda na hema, tukabaki na deni la hema. Jina lake silitaji. Wenye kujua wanajua.

Ndipo mtu akatuambia juu ya wakfu fulani. Tukaandika barua kwa mkono, kijana wa sekondari akatusaidia. Baada ya miezi wakaja watu wawili, mama mmoja na kijana. Hawakuja na gari kubwa, walishuka matatu pale stendi, na jambo hilo lilitushangaza. Hawakutaka ngoma wala mbuzi. Walikaa chini ya mti pamoja nasi, wakauliza maswali: Mlikutana lini mara ya mwisho? Nani aliamua? Kitabu cha fedha kiko wapi?

Jamani, hapo ndipo nilipotoka jasho. Kitabu kilikuwa kinasema tuna shilingi 31,000. Sandukuni zilikuwa 12,600. Mwenzetu mmoja alikuwa amekuja kwangu usiku, mtoto amezidiwa, anataka gari la kwenda hospitali na fedha za kulaza mtoto. Nikafungua sanduku nikampa. Sikuita kamati. Sikuandika. Nilisema moyoni atarudisha kabla ya mkutano. Na yeye alikusudia kurudisha, namjua, lakini mtoto alilazwa wiki tatu. Miezi minne ikapita nimenyamaza.

Nilisimama nikasema yote mbele ya wenzangu na wageni. Wengine walilia, wengine walikasirika. Mama mmoja aliniambia maneno ambayo mpaka leo tukikutana sokoni nayakumbuka. Wageni waliandika, wakaaga. Baadaye barua ikaja: fedha hatupewi.

Mimi nilifikiri ndio mwisho. Lakini barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Walisema wako tayari kuwafundisha watu watatu wa kikundi kwa siku tatu, nauli juu yao. Nikataka nisiende, kwa aibu. Mama mwenyekiti akasema, "Wewe ndiwe utakwenda, kwa sababu wewe ndiwe hujui." Nikaenda.

Huko tulifundishwa mambo madogo madogo tu. Kila fedha inayoingia ina risiti, hata shilingi hamsini. Mtu mmoja asishike sanduku na ufunguo pamoja. Benki itiwe sahihi na watatu. Mkopo wa dharura uwe na kiasi chake kwenye katiba, na watu wawili wa kamati waweze kuukubali hata usiku wa manane, kisha uandikwe asubuhi. Hilo la mwisho nililipigia makofi peke yangu. Kama tungekuwa nalo, mtoto angekwenda hospitali vile vile na mimi nisingekuwa mwizi machoni pa watu.

Tulirudi tena baada ya mwaka mmoja na nusu. Mara hii wakasema: leteni yenu kwanza. Kila shilingi mtakayoleta, sisi tutaongeza moja, mpaka laki moja na nusu. Nusu ya jumla mjenge matangi, nusu iwe mfuko wa kuwekeza. Wengi walinung'unika. "Kama tungekuwa na laki moja na nusu tungewaomba nini?" Swali hilo ni zuri, na mtaulizwa na watu wenu pia. Jibu nililolipata mimi ni kwamba mtu akishatoa debe lake la ndengu, haruhusu mtu mwingine kuchezea fedha ile. Za mgeni wa heshima hakuna aliyeziulizia sana. Za ndengu ziliulizwa kila Jumatano.

Tulichangisha miezi kumi na moja. Kila mama debe mbili za ndengu. Mwenye mashine ya kusaga alitoa, wenye matatu wakatoa, watoto wetu walioko Nairobi wakatuma kwa simu. Mzee mmoja asiyejiweza alileta kuku. Tuliandika kuku katika kitabu, tukamwuza kwa mnada, na kuku yule alileta fedha kuliko ng'ombe wa watu wengine. Tukafika. Nao wakaongeza kama walivyosema, wala hawakuchelewa.

Matangi matatu tulijenga, mchanga na kokoto tukabeba wenyewe. Zile 150,000 zilizobaki zikawekezwa pamoja na za vikundi vingine, kwa sababu fedha kidogo peke yake hazipati faida nzuri. Kila mwaka sisi tuliongeza kidogo. Kufikia mwaka 2022 mfuko ulikuwa na shilingi 410,000 na kitu. Faida yake ilikuwa inatengeneza matangi na kulipia wasichana wawili karo.

Halafu ukaja ule ukame, ulioanza mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023. Mnaukumbuka. Ndengu hakuna, mahindi hakuna, mbuzi wanauzwa bei ya kuku. Kikao kimoja mama fulani alisimama, mtulivu, si mtu wa maneno mengi, akasema, "Mfuko umeshiba na watoto wangu wana njaa. Huo ni mfuko wa nani?" Hakuna aliyekohoa.

Wengine walitaka tuugawe, kila mtu apate kama elfu kumi na saba, tuanze upya Mungu akijalia mvua. Tulibishana vikao vitatu. Mimi kama mweka hazina nilieleza kwamba mapatano yetu na wakfu hayaruhusu kugawana ile sehemu waliyoongeza wao, lakini sehemu yetu tungeweza kuitoa. Nilieleza hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa wenzangu katika kamati walinitazama kwa macho makali. Tukapiga kura. Kumi na wawili walisema ubaki, tisa ugawanywe, mmoja hakuinua mkono. Faida yote ya mwaka ule ikanunua mahindi na maharagwe, na wasichana wawili tukawaombea karo kwa watu wengine. Mmoja alipata. Mwingine alikaa nyumbani mhula mzima.

Wanachama watatu walitoka, na yule mama mtulivu ni mmoja wao. Sijui kama tulikosea. Nikilala usiku mwingine naona tulifanya vema, kwa sababu mvua ilirudi na mfuko ulikuwepo. Usiku mwingine namwona yeye amesimama. Mkiweka mfuko, andikeni mapema kwenye katiba mtafanya nini mwaka wa njaa, wakati bado mmeshiba na hakuna anayelia. Sisi hatukuandika.

Mtaniuliza, kwa nini kujisumbua hivi wakati wafadhili wakubwa wapo? Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mliona wenyewe wafanyakazi wa miradi wakifungasha vitu kwa siku chache. Si kwamba walifanya kazi mbaya. Uamuzi ulitoka mbali na hakuna mtu wa hapa aliyeulizwa. Wakfu wa hapa nao huenda ukaishiwa, sisemi hapana. Lakini mtu wake nitampata kwa nauli ya matatu, nitamwuliza, na kama ananijibu vibaya nitasema hivyo mbele ya watu.

Jambo moja kuhusu karatasi. Sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii ni ya mwaka 2022. Mnatakiwa muwe wanachama wasiopungua kumi, na muwe na katiba. Wale wenye vyeti vya zamani, nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii mwulize habari zake, msingoje wakfu uwaulize.

Mama mwenyekiti ananionyesha saa. Basi kesho saa mbili asubuhi kila kikundi kije na kitabu chake cha fedha, kile kile mnachotumia, hata kama kimechafuka au kurasa zimetoka. Usiku huu msinunue kingine kipya mkakinakili vizuri. Tutafungua vitabu meza kwa meza, na mimi nitaanza na changu.