Maneno juu ya Dizeli Chafu kwa Wenye Magari wa Shinyanga na Geita



Nimeombwa niseme nanyi habari ya mafuta ya dizeli, kwa kuwa vijiji vingi vya pande hizi hutegemea gari moja au mawili tu: pengine lori la chama cha ushirika, pengine gari la kituo cha afya, pengine lile ambalo wenyeji walichanga fedha kulinunua. Gari hilo likizimika porini kati ya Kakola na Geita, mgonjwa aliyemo hawezi kungoja fundi atoke Kahama.

Yafaa kwanza mjue kazi ya mafuta hayo. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia. Hewa hubanwa ndani yake mpaka ikawa ya moto sana, kisha pampu husukuma mafuta kupita katika matundu ya nozeli, ambayo ni membamba karibu na unywele. Katika magari mengi mapya nguvu ya kusukuma hupita mara 1,500 ya mgandamizo wa hewa tuivutayo. Tena mafuta hayo hayo ndiyo yanayolainisha pampu. Maji hayalainishi chuma, na vumbi hukikwaruza. Magari ya zamani huvumilia uchafu kidogo. Haya mapya hayavumilii, na bei ya pampu yake na nozeli zake yaweza kumfilisi mtu.

Sasa maji hutoka wapi? Katika vijiji vya wachimbaji, kama Rwamgasa na Nyarugusu, dizeli huendesha pia makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu na pampu za kuvuta maji mashimoni, na mara nyingi huwekwa katika mapipa na madumu. Pipa likisimamishwa wima nje, mvua hutuama juu yake. Mchana jua hulipasha moto, hewa ya ndani hutanuka na kutoka kidogo. Usiku pipa likipoa huvuta pumzi, na yale maji yaliyotuama juu huingia kupitia kizibo, hata kikiwa kimekazwa. Watu humshuku muuzaji kuwa ametia maji, kumbe pipa lenyewe limekunywa.

Kwa hiyo pipa lilazwe ubavu chini ya paa, vizibo vyake viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kulia na kimoja kushoto. Likisimamishwa ili kutumiwa, liachwe usiku na mchana litulie. Mpira wa kunyonyea usifike chini. Uishie vidole vinne juu ya kitako. Mafuta yanayobaki yasiingie garini kabisa. Wako wanaoona hiyo ni hasara, lakini hawajapata kununua pampu.

Gari lenyewe litengenezwe kabla ya safari. Kati ya tangi na pampu pawe na chujio lenye kikombe cha kutenganisha maji, nalo lina kizibo chini yake. Dereva akifungue kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli, na usiku kucha yamekwisha kutua. Ayakinge katika chupa mpaka dizeli safi itoke. Jioni tangi lijazwe, lisilale nusu tupu, kwani hewa yenye unyevu hugeuka maji juu ya chuma baridi. Machujio mawili ya akiba yawemo garini pamoja na spana zake, na dereva awe amekwisha kujifunza nyumbani kubadili chujio na kutoa upepo kwa pampu ya mkono. Usiku porini si mahali pa kujifunzia.

Chujio jipya likiziba kwa siku mbili tatu, msilaumu chujio. Tangi lishushwe lioshwe. Mtaona pengine ute mweusi ndani yake; huo ni vijidudu viishivyo pale maji na dizeli vinapokutana, na kitambaa cha kuchujia hakiwezi kuwazuia. Kitambaa huzuia mchanga tu.

Limebaki jambo la mafuta ya taa. Wengi hutia dizeli katika chupa nyeupe na kuitazama. Ni desturi njema, maana baada ya nusu saa maji na takataka huonekana chini. Lakini mafuta ya taa huyeyuka kabisa ndani ya dizeli, wala jicho haliyaoni, nayo hupunguza ule ulaini ambao pampu huutegemea. Kwa ajili ya udanganyifu huo, mwaka 2010 EWURA ilianza kutia alama ya siri katika mafuta yaliyolipiwa ushuru, hata mkaguzi akipima kituoni ajue kama yamechanganywa. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Dumu la kando ya njia halina mkaguzi.

Basi jazeni mjini, na mpokee stakabadhi kila mnunuapo. Mkiyatilia shaka mafuta ya kituo, wekeni chupa yake moja, yenye tarehe na jina la kituo. Ofisi ya EWURA ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, na kusikiliza malalamiko ya wanunuzi ni mojawapo ya kazi zake. Na tangu Juni 2025 mtu wa Geita huenda huko kwa daraja la Kigongo na Busisi, bila kungoja kivuko.