Aina Mbili za Kiharusi: Mazungumzo kwa Familia za Farsta



Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo, wala si upepo mbaya wala husuda ya jirani. Huja kwa njia mbili. Katika aina ya kwanza, mshipa wa ubongo huzibwa na damu iliyoganda. Nchini Sweden aina hii huwapata takriban wagonjwa 85 katika kila 100. Katika aina ya pili, mshipa hupasuka na damu ikavuja ndani ya ubongo. Hii ni chache, lakini huua zaidi, na barani Afrika sehemu yake ni kubwa kuliko Ulaya.

Utafiti wa INTERSTROKE wa mwaka 2016, uliofanywa katika nchi 32, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba mambo 10 yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takriban asilimia 90 ya viharusi. Shinikizo la damu linaongoza, na nguvu yake huzidi katika kiharusi cha kuvuja damu. Sigara, kisukari na maradhi ya moyo huelekea zaidi kwenye kiharusi cha kuziba mshipa.

Nchini Tanzania, kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti walihesabu wagonjwa wapya. Baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na takriban 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ilikuwa na 109. Nchi ni moja, lakini hatari si sawa. Mahali na namna mtu aishivyo vina uzito wake, na anayehama hubeba mazoea yake pamoja na mizigo yake.

Shinikizo la damu haliumi. Mtu huweza kukaa nalo miaka mingi akijiona mzima. Kwa hiyo kila mtu mzima na apimwe katika kituo cha afya, yaani vårdcentral. Mkalimani hutolewa bila malipo. Aombwe wakati wa kuweka miadi, mtoto asifanywe mkalimani wa mzazi. Dawa zikiandikwa, zimezwe kila siku. Anayefunga Ramadhani amuulize daktari mapema jinsi ya kuzipanga baina ya futari na daku, asiziache kwa uamuzi wake. Ng'onda, achari na vyakula vingine vyenye chumvi nyingi vipunguzwe.

Dalili zikitokea, Wasweden hukumbuka neno AKUT. A ni uso: je, mdomo umepinda akitabasamu? K ni kiungo: je, anaweza kuinua mikono yote miwili na kuishikilia kwa sekunde 10? U ni matamshi: je, anaweza kutamka sentensi fupi? T ni wakati: dalili moja tu ikionekana, ipigwe simu 112 papo hapo, hata kama imetoweka.

Mgonjwa asipewe aspirini, chakula wala kinywaji. Aspirini huweza kuzidisha uvujaji wa damu, na kwa macho hakuna awezaye kutofautisha aina hizo mbili. Picha ya ubongo hospitalini ndiyo huamua. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa katika muda usiozidi saa 4 na nusu tangu dalili ya kwanza. Basi saa ilipoanza dalili ikumbukwe, na daktari aambiwe.