Njaa Haingoji Sikukuu



Leo tunapenda kuzungumza nanyi habari za kituo cha kulea watoto yatima na akina mama wanaolea watoto peke yao. Sisi tunaofanya kazi huko tunawashukuru. Idi mnaleta mchele. Krismasi mnaleta nguo na soda. Watoto wanafurahi, nasi tunafurahi. Lakini mwaka una siku 365, na njaa haingoji sikukuu.

Haya, tufanye hesabu pamoja. Tuseme kituo kina watu 30. Kila mtu anakula nusu kilo ya unga kwa siku. Hiyo ni kilo 15. Kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 450, yaani magunia manne na nusu ya kilo 100. Kwa miezi 12 ni magunia 54. Hapo hatujahesabu maharage, chumvi, sabuni, kuni wala nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali.

Shida inazidi kabla ya mavuno. Ghala ni tupu, bei ya mahindi imepanda, na fedha ya kituo ni ile ile. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi, lakini ndipo chakula kinapungua. Na mtoto mchanga aliyefiwa na mama yake anahitaji maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Maziwa hayo ni ghali, wala hayawezi kungoja mpaka wiki ijayo.

Wengine husema, "Shule ni bure, wanataka nini tena?" Ni kweli, tangu mwaka 2016 shule za serikali za msingi na sekondari mpaka kidato cha nne hazitozi ada. Lakini daftari, sare na viatu vinanunuliwa. Tena, tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa kupata mtoto ameruhusiwa kurudi darasani. Je, akienda shule, nani anabaki na mtoto? Ni lazima awepo mlezi, na mlezi naye anakula.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuchangie wakati wa mavuno. Kaya 270 zikitoa kilo 20 za mahindi kila moja, ni kilo 5,400. Hayo ndiyo magunia 54 tuliyohesabu. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, tuwape akina mama shamba na kazi. Hawa si wageni wa kulishwa tu, wana mikono. Wakiunda kikundi na kukisajili, wanaweza kuomba mkopo usio na riba katika halmashauri. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo hiyo, asilimia 4 ni ya wanawake. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii.

Tatu, mtoto mwenye bibi au shangazi anayemtaka, abaki naye. Tumsaidie bibi huyo palepale nyumbani kwake. Na baba aliye hai asijifiche. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mama njia ya kudai matunzo mahakamani. Aanze kwa afisa ustawi wa jamii.

Nne, ulizeni daftari la kituo. Sheria hiyo hiyo inataka kituo cha kulea watoto kiwe na leseni. Ombeni kuiona. Tazameni pia kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Mtu asiyejua mchango wake ulikokwenda hatoi mara ya pili, na anayeumia ni mtoto. Ninyi sasa mnajua kusoma na kuhesabu. Msikubali kusomewa. Someni wenyewe.

Ndugu zetu, mavuno yakija, kila nyumba ipime kilo 20 na kuziweka kando kabla ya kuuza.