Nani Husikia Kitufe Kwanza? Mikato ya Kibodi kwa Mtumiaji Asiyeona

Mhadhara huu unahusu jambo ambalo wanaoona hulipita bila kuliona: mtu asiyeona anajiwekea mkato wake wa kibodi, kisha mkato unagoma. Anayeona akikwama hushika kipanya. Asiyeona hana kipanya cha kukimbilia. Kusoma barua pepe, kujaza fomu ya mkopo wa masomo, kuhariri tasnifu, vyote hupitia kwenye vitufe, na majibu huja kwa sauti ya programu ya kusoma skrini.

Waliozianzisha programu hizi waliijua taabu yenyewe. Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza uoni katika ajali ya gari mwaka 1978, ni miongoni mwa walioleta JAWS mwaka 1989, enzi za DOS. Mwaka 2006 Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianza kuandika NVDA, ambayo mpaka leo hutolewa bure na huja na sauti ya Kiswahili ya eSpeak. Zote mbili zinamruhusu mtumiaji kubadilisha mikato. Ruhusa hiyo ina uzito kwa mwenye mkono mmoja, au kwa mwenye kompyuta mpakato isiyo na vitufe vya tarakimu upande wa kulia, ambavyo mpangilio wa kawaida wa NVDA unavitegemea sana.

Taabu huanza pale mtu anapoitumia ruhusa hiyo.

Chukua mwanafunzi anayetaka kubadilisha herufi ya kurukia vichwa vya habari kwenye kurasa za tovuti. Anafungua menyu ya NVDA kwa Insert na N, anaingia kwenye mapendeleo, anafika kwenye kidirisha cha kupangia vitufe. Anaitafuta amri yake, haipo. Anarudia toka juu hadi chini, haipo. Sababu ni kwamba kidirisha hicho huonyesha tu amri zilizokuwa zinafaa pale alipokuwa kabla ya kukifungua. Yeye alitokea kwenye eneo-kazi. Angetokea ndani ya kivinjari, akiwa katika hali ya kuvinjari, angeikuta. Mwongozo wa NVDA unalieleza jambo hili, lakini kumlaumu aliyekwama kwa kutousoma ni kumwonea.

Mgongano mkubwa zaidi unatokana na nani anakisikia kitufe kwanza. NVDA hunasa mbonyezo kabla haujafika kwenye programu nyingine. Ikiwa ina amri yake, inauzuia. Ikiwa haina, inauachia upite. Kwa hiyo mtu akiipa Control na S kazi nyingine ndani ya NVDA, atabonyeza akiamini amehifadhi kazi yake, na Word haitapata habari. Kuna Insert na F2 kwenye NVDA, au Insert na 3 kwenye JAWS, za kuupitisha mbonyezo unaofuata moja kwa moja. Wanaoanza wangefundishwa hizi mapema.

Kisa cha vishale kinasikitisha zaidi. Control, Alt na kishale hutumika kutembea kati ya seli za jedwali. Kwenye kompyuta nyingi za miaka iliyopita, programu ya Intel ya kuendesha picha ilitumia vitufe hivyohivyo kugeuza skrini. Mtu akivibonyeza nje ya hati au ukurasa wa tovuti, skrini inaweza kupinduka juu chini, naye hajui, kwa kuwa sauti inaendelea kama kawaida. Atajua mwenzake anayeona akipita.

Wabunifu wa tovuti nao wana deni. Tovuti yenye mikato ya herufi mojamoja hugongana na H ya NVDA ya kurukia vichwa na K ya kurukia viungo. Miongozo ya ufikivu wa tovuti, WCAG 2.1, iliyotolewa Juni 2018, inataka mikato ya namna hiyo iweze kuzimwa au kubadilishwa, au ifanye kazi tu pale sehemu husika inapokuwa imechaguliwa. Sharti hilo ni la ngazi A, ya chini kabisa, na hakuna udhuru wa kulikwepa.

Katika maabara za kompyuta vyuoni, pale mashine zinapofutwa mipangilio kila zinapozimwa, mwanafunzi hupoteza mikato yake yote. NVDA huihifadhi kwenye faili dogo liitwalo gestures.ini, na ina nakala ya kubebeka inayokaa kwenye flashi. Chuo kinachokataza flashi kwa ajili ya usalama kimruhusu mwanafunzi huyu kutumia yake, au kimwekee faili hilo kwenye akaunti yake kabla ya wiki ya mitihani.